Ushauri: nimejitia kwenye mwani nisiwaze, maji mafu yananirudisha kulekule

BintiMicheweni: Assalaamu alaykum. Ndoa yangu imevunjika, nipo kwa mama. Nina kamba 40 za mwani. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, nashinda shambani, nachoka, nalala. Yakija maji mafu, bahari isipopwa vya kutosha, sina kazi, machozi hayakauki. Nashika penseli nichore maua ya kofia, namuona mume wangu kaivaa. Niongeze kamba ngapi?

MkulimaPaje: Waalaykum salaam. Usiongeze. Kamba ya mita 5, ukiacha sentimita 20, inachukua vipande 25; cha gramu 100 kila kimoja, kamba 40 ni kilo 100 za mbegu. Zikikushinda kusafisha, majani mengine yatauvamia mwani, upauke na kukatika. Taitai, kile kikamba cha kufungia mbegu, ifunge kitanzi kilegevu, ukikaza shina linakatwa na wimbi. Vuna wiki ya sita, hata kama pesa inakuwasha.

FundiKofia: Maji mafu ndiyo siku za kofia, shoga. Bafta, kitambaa cha kofia, ifue kwanza, la sivyo kofia itabana ikifuliwa. Kichwa cha inchi 22, kipande cha juu kikate kipenyo cha inchi 7, uongeze pindo. Chora robo moja tu, uinakili mara nne, ndipo maua yatakutana. Ila usishone kwa kipimo cha yule. Pima kichwa cha kaka yako. Kazi ya miezi hiyo, utaishika na kichwa chake mkononi mpaka lini?

AmiWete: Mwanangu, talaka ngapi, na lini?

BintiMicheweni: Moja. Wiki ya tano hii. Lakini sikuuliza hilo, ami.

AmiWete: Ndilo lenyewe. Talaka moja ni rejea, mume anaweza kukurudia edani. Eda yako tuhuri tatu, yaani vipindi vitatu vya kutwaharika na hedhi, na kama ulikuwa tuhurini alipokuacha, ile inahesabiwa ya kwanza. Mpaka iishe, nyumba yako ni ya mume. Suratut Talaq aya ya 1 imekataza kutolewa na kutoka. Nani kakuhamisha? Chukua karatasi ya talaka uende kwa kadhi.

BintiMicheweni: Nimehama mwenyewe, na sirudi. Kamba nishanunua, mbegu nimefunga Alkhamisi.

Mpwani77: Alkhamisi ilikuwa mwezi mwandamo saba, maji mafu. Maji hayapwi vya kupanda. Hadithi hii imetungwa, tunapotezewa wakati.

MkulimaPaje: Kufunga si kupanda, mtu hufunga pwani kivulini. Lakini bibie, mbegu hufa ikikaa juani hata saa chache. Hizo zimelala wapi tangu Alkhamisi?

BintiMicheweni: Wavuni, majini. Zimefungwa ubavuni mwa dau.

Mpwani77: Dau la nani?

BintiMicheweni: Lake. Alinikuta pwani nafunga, akazibeba akazitia mwenyewe. Sikumuomba.

Mpwani77: Basi niwie radhi, dada.

FundiKofia: Kumbe hata mwani unao kwake! Sasa kazi hiyo inakusahaulisha nini?

AmiWete: Alitamka "nimekurejea"? Kwa madhehebu yetu ya Shafi rejea ni kwa tamko. Kubeba mbegu si rejea.

BintiMicheweni: Hakutamka. Aliuliza tu kofia nnayochora ni ya nani.

MkulimaPaje: Kesho ukaufungue wavu uzitawanye, zikisongamana zinaoza katikati. Zilizoota weupe zitupe. Alkhamisi ijayo mwezi 14, bamvua. Asubuhi kwenye saa nne maji yatakuwa yamekupwa vyema. Uende na mtu wa kukushikia vigingi.