Niko na lisansi ya sheria ya UNILU: niende JD ya Marekani ao niingie staji ya Baro?

Binti_Katuba
Jambo yenu wakubwa. Nilimaliza lisansi ya sheria UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, mfumo wa zamani: graduwa miaka mitatu, lisansi miaka miwili. Mujomba aliye Dallas ananisukuma nikasome JD, digri ya sheria ya kule, eti nikirudi nayo hakuna kabine ya mawakili itakayonikataa. Papa anataka niandikwe kwenye liste ya staji, mazoezi ya kazi kwa Baro, chama cha mawakili, mwaka huu huu, niape, mambo yaishe. Naomba kujua JD inadai nini hasa. Lisansi yangu inahesabiwa ao naanza sifuri? Na habari ya pesa musinifiche.

Mtoto_wa_Kenya
Mujomba amekuambia bei ya minervali, karo ya shule, ao amekutumia picha za nyumba tu? 😂 Ngoja ma-metre, mawakili wetu, wafike.

Metre_Kamalondo
Dada, tuanze na JD yenyewe. Wamarekani hawaingii sheria wakitoka sekondari. Mtu anamaliza kwanza digri ya chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne, hata ikiwa ya kemia, ndipo anasoma JD miaka mitatu. Lisansi yako inaweza kusimama mahali pa ile digri ya kwanza. Shule ikipenda inaweza pia kukuhesabia masomo ya sheria uliyofanya huku, lakini haiwezi kupita theluthi moja ya krediti, na hailazimishwi.

Kuingia kuna mtihani wa LSAT, alama 120 mpaka 180. Hawaulizi kifungu hata kimoja cha sheria. Wanapima unavyosoma na unavyopima hoja, kwa Kiingereza na kwa saa. Yale mafumbo ya nani akae karibu na nani waliyaondoa Agosti 2024. Shule nyingi zinapokea mtihani mwingine, GRE, pia.

Ukiisha kuingia, shule zinazotambuliwa na ABA, chama cha mawakili cha kule, zinadai krediti zisizopungua 83. Humalizi chini ya miezi 24 wala huvuki miezi 84. Humo ndani lazima kuwe na krediti 2 za maadili ya kazi na krediti 6 za vitendo, yaani kliniki ya sheria, staji ao mazoezi ya kupleda, kutetea kesi mahakamani. Kuandika pia: kazi moja mwaka wa kwanza, nyingine baadaye. Mwaka wa kwanza ndio unaochuja watu: mikataba, mali, jinai, fidia ya madhara, mwenendo wa kesi za madai. Profesa hasomi silabasi huku nyinyi mukiandika. Anakuita jina na kukuuliza kesi uliyopewa kusoma, akiisha anageuza mambo ya kesi hiyo na kukuuliza tena, mbele ya oditori nzima.

Kwa Lubumbashi sasa. Sheria ya Baro ya 28 Septemba 1979 inataka lisansi ao doktora ya sheria. Diploma ya nje lazima kwanza ipate ekivalansi, itambuliwe kuwa sawa na ya hapa. Weye lisansi unayo. Utaapa mbele ya Kur Dapel, mahakama ya rufaa, utafanya staji miaka miwili, basi. JD haikuongezei mlango wowote pale. JD ni ya mtu anayetaka kupleda Marekani, na mujomba hajakuuliza kama unataka hivyo.

Mzee_Ruashi
Metre amesema kweli, ila asifiche kwamba staji ina njaa yake. Kijana wangu anabeba dosye za patron, wakili anayemsimamia, toka asubuhi, jioni anarudi hana hata ya transpor.

Yaya_Kampemba
Mdogo wangu, kwa mtu aliyekwisha kusoma sheria kuna LLM, masta ya sheria, mwaka mmoja. Mimi nilipita huko. New York wana kanuni namba 520.6: aliyesoma sheria ya mtindo wetu wa Kibeljiki, na miaka yake ikatosha, anaziba pengo kwa LLM ya krediti zisizopungua 24, kisha anaruhusiwa kufanya mtihani wa Baro. Ni siku mbili, kupita ni pointi 266. Juu yake kuna mtihani wa maadili na saa 50 za kusaidia watu bure. Lakini ombi la kukaguliwa karatasi upeleke mapema, kabla hujalipa shule hata dola moja. Watataka ushahidi kwamba diploma yako ndiyo inayofungua Baro hapa, kwa hiyo pita kwa Batonie, mkuu wa Baro, umuombe barua.

Pesa: Harvard, minervali peke yake imepita dola 70,000 kwa mwaka. Zidisha mara tatu, weka na chakula na nyumba. Kuna shule za bei ya chini na kuna burse, lakini kwa viza lazima uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza iko wapi, na mahojiano ni Kinshasa.

Kasapa_Kabisa
Miye niko LMD, mfumo mpya, lisansi miaka mitatu. LLM inanihusu?

Yaya_Kampemba
Kwako miaka ndiyo itakayopimwa sana. Maliza masta kwanza, usikimbie.

Mtoto_wa_Kenya
Na Zambia je? Mpaka wa Kasumbalesa ni hapa tu.

Metre_Kamalondo
Kule ni LLB miaka minne, halafu ZIALE, chuo cha kuandaa mawakili pale Lusaka, na ZIALE inaangusha watu vibaya. Ni njia ya mtu atakayeishi Zambia.

Binti_Katuba
Aksanti sana. LLM ndiyo inayonivuta sasa, kwa sababu makabine yanayoshughulika na migodi yanauliza Kiingereza kila mara. Ila nina woga na releve zangu, karatasi za alama. Nimepata 64% L1 na 66% L2, ile miaka miwili ya lisansi. Mzungu akiona 64 atanitupa.

Yaya_Kampemba
Hapana, hapo usiogope bure. Kwetu 70 ni distinksio, na weye unajua wangapi waliipata katika promosio yenu. Omba sekretarieti ya fakulte barua inayoeleza kipimo: satisfaksio kuanzia 50, distinksio 70, grande distinksio 80. Iambatane na releve, zote zitafsiriwe. LSAC, shirika la Marekani lenye LSAT, wakikagua karatasi za nje wanaandika neno, kwa mfano "juu ya wastani", wakilinganisha na kipimo cha nchi yenyewe. Angalia jina lako liandikwe sawasawa kila mahali, kwenye releve, diploma na pasipoti. Mimi postnom, jina langu la pili, ilikosekana kwenye releve moja, ikabidi niandikishe upya.

Na papa yako umpe nafasi. Andikwa kwenye staji, LSAC inaweza kushughulikia karatasi wakati unaendelea na patron.

Kijana_Katuba2
Na sisi wenye graduwa tu?

Metre_Kamalondo
Muulizie udefansere jidisiere, watetezi wasio mawakili wa Baro: munapleda mpaka mahakama ya Tribunali ya Grande Enstanse. LLM sahau kwanza, rudi ukamalize lisansi.