Thames: loki ya Richmond na zile tatu za Teddington

Pwelewa: Mashua ya mita 15 inapanda mto kutoka London kwenda Oxford. Ramani inaonyesha loki (chumba chenye malango cha kupandishia na kushushia vyombo) Richmond, na kilomita tano hivi mbele, Teddington, nyingine tatu! Ipi inapitwa? Na mbona Richmond wengine hawaingii loki kabisa?

Tezi_na_Omo: Richmond hutegemea maji kujaa na kupwa. Chini ya daraja la waenda kwa miguu la hapo pana vilango vikubwa vya chuma. Kuanzia saa mbili hivi kabla ya maji kujaa mpaka saa mbili baada ya kujaa vinakuwa vimepandishwa, unapita tu. Vikishushwa, unaingia loki ya pembeni na kulipa. Teddington, mashua yako itapelekwa loki ya kati kwa ukubwa. Ile kubwa, mita 198, ilijengwa 1904 kwa matishari yaliyovutwa kwa msururu. Ina malango ya ziada katikati ili isijazwe yote bure. Ndogo ni ya vidau, nyembamba hata wenyeji huiita jeneza.

Maji_Mafu: Chanzo cha vilango vya Richmond ni daraja la kale la London. Nguzo zake nene zilizuia maji kama boma. Lilipobomolewa baada ya daraja jipya kufunguliwa 1831, maji yakawa yanakupwa zaidi huku juu, tope likabaki wazi na vyombo vikapwelewa. Loki ya kwanza ya Teddington, ya mbao, ilikuwa ya 1811. Ikabidi ijengwe upya miaka ya 1850. Vilango vya Richmond vilikuja 1894 kushikilia maji yasishuke chini ya kiwango cha nusu kati ya kujaa na kupwa. Bamvua (maji makuu ya kujaa) likiwa kubwa, maji yanayojaa huruka hata kizuio cha Teddington.

Tezi_na_Omo: Muhimu zaidi: kamba mbili, ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma). Zizungushe kwenye nguzo, ncha ushike mkononi, usifunge fundo. Ukipanda, vuta kadiri kamba inavyolegea, maana maji yanayoingia hukisukasuka chombo. Ukishuka, achia kidogo kidogo. Kamba iliyofungwa itaning'iniza chombo ubavu mmoja mpaka kipinduke au nguzo ing'oke. Tena kaa mbali na malango ya juu: chini yake pana kizingiti cha zege kisichoonekana loki ikijaa. Tezi ikikalia hapo maji yanaposhuka, omo inazama. Likitokea, piga kelele vilango vinavyotoa maji lokini vifungwe kwanza, ndipo loki ijazwe tena taratibu.

Pwelewa: Injini je?

Maji_Mafu: Zima ukishashika kamba zote mbili. Si kabla.