Injini ikiwa baridi gari linatetemeka na kuzima: nianzie wapi?

SWALI

Wakuu, habari za wakati huu. Nina gari dogo la petroli lenye injini ya silinda nne, linalotumia nozeli wala si kabureta. Kwa wiki tatu sasa, kila asubuhi ninapoliwasha linashika mara moja, lakini sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii: mshale wa mizunguko unashuka hadi karibu 500 kwa dakika, usukani unatetemeka mikononi, na nikiingiza gia mapema linazima. Nikikanyaga mafuta kidogo kwa dakika nne au tano mpaka lipate joto, hali hiyo inaisha kabisa, na siku nzima linakwenda kana kwamba halijawahi kuumwa. Taa ya injini haijawaka hata mara moja. Fundi amekwisha kubadilisha plagi zote nne na chujio la hewa, na sasa anataka tununue pampu ya mafuta. Je, pampu inaweza kweli kuleta ugonjwa unaojitokeza asubuhi tu?

JIBU LA KWANZA

Mkuu, simamisha kwanza ununuzi wa pampu. Pampu iliyochoka hujionyesha zaidi gari linapopanda mlima au linapobeba mzigo, yaani pale mafuta mengi yanapohitajika, na haina sababu ya kupona kila injini inapopata joto.

Petroli haigeuki mvuke kwa urahisi kwenye chuma baridi, na sehemu yake hubaki matone kwenye kuta za njia ya hewa. Ndiyo maana kompyuta ya gari huongeza mafuta wakati wa baridi na kupandisha sailensa, mara nyingi kufikia mizunguko 1,200 hivi kwa dakika, kisha huishusha kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda. Yako inafanya kinyume. Kwa hiyo ama kompyuta haijui kwamba injini ni baridi, ama inajua lakini inashindwa kuipatia hewa na mafuta inayotaka.

Anza na sensa ya joto la maji. Acha gari lilale usiku kucha, na asubuhi, kabla ya kuliwasha, fungulia swichi tu, uunganishe mashine ya kupimia, ile inayosoma kompyuta ya gari, na usome joto la maji pamoja na joto la hewa inayoingia. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana, kwa kuwa injini iliyolala haina joto la kwake. Wiki chache zilizopita nilipima gari lenye dalili kama zako: hewa ilisoma nyuzi 21, maji yakasoma 74, ilhali rejeta ilikuwa baridi nikiigusa kwa kiganja. Kompyuta ilikuwa inaamini injini imekwisha pata joto, ikawa inabana mafuta. Taa haikuwaka, kwani nyuzi 74 ni joto la kawaida na kompyuta haikuona cha kutilia shaka.

Kama huna mashine hiyo, chomoa soketi ya sensa na upime ukinzani wake kwa mita. Nyingi huwa na omu kati ya 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, kisha hushuka hadi 300 hivi kwenye nyuzi 80, ingawa jedwali la gari lako ndilo la kufuatwa.

JIBU LA PILI

Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia kuhusu pampu, ila mimi ningetazama mipira ya vakyumu (mabomba membamba ya mpira yanayofyonzwa hewa na injini) kabla ya sensa, kwa kuwa kuitazama hakuhitaji kifaa chochote. Mpira uliozeeka hukakamaa, na gaskiti ya manifodi (mabomba yanayogawia silinda hewa) huachia kidogo chuma kinapopoa, hivyo hewa isiyopimwa huingia na mchanganyiko ukapungukiwa mafuta. Injini ikipata joto ufa hubana, na zaidi ya hapo sensa ya oksijeni, ambayo haifanyi kazi mpaka ipate moto, huanza kuiambia kompyuta iongeze mafuta. Kosa linabaki palepale, limefunikwa tu.

Ukiwa na mashine, tazama masahihisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, gari likiwa na joto. Yakizidi asilimia 10 kwenye sailensa, kisha yakashuka ukishikilia mizunguko 2,500, mara nyingi hewa inavuja. Wako mafundi wanaonyunyizia dawa ya kabureta kwenye maungio ili kusikia kama mlio utabadilika. Njia hiyo inafaa, lakini dawa ile hulipuka kwa cheche, kwa hiyo isikaribie eksozi yenye moto.

JIBU LA TATU

Naongeza mambo mawili. Kaboni kwenye kipepeo cha throto (mlango unaopima hewa inayoingia kwenye injini) huziba upenyo mwembamba unaopitisha hewa ya sailensa, nayo husafishwa kwa dawa na kitambaa. Kama throto ni ya umeme, usikisukume kipepeo kwa kidole wakati swichi imefunguliwa. Pili, angalia kama maji ya rejeta yanapungua na kama asubuhi unatoka moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, kwani gaskiti ya silinda hedi inayovujisha maji usiku huifanya silinda moja isichome vizuri kwa dakika za mwanzo.

MUULIZAJI

Ahsanteni sana, wakuu. Asubuhi ya leo tumepima kabla ya kuwasha: hewa nyuzi 19, maji nyuzi 68. Tumebadilisha sensa, na jioni, baada ya gari kupoa kwa saa saba, sailensa ilipanda yenyewe hadi 1,300 na halikuzima. Bado kuna mtetemo mdogo kwa sekunde kumi za kwanza. Maji hayapungui na moshi sijauona, kwa hiyo kesho tunafungua throto. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema pampu isubiri.