Tupeane uzoefu: kazi za hospitali ya mkoa ambazo mgonjwa hazioni

Mtakasa Vifaa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Hospitali ikizungumzwa, habari huwa ni daktari na dawa. Daktari mzuri, daktari kanijibu vibaya, dawa zipo, dawa nimeambiwa nikanunue nje. Lakini hospitali ya rufaa ya mkoa ina watu wengi ambao mgonjwa analazwa wiki nzima na kuruhusiwa bila kuwatia machoni, na siku wasipofika kazini hakuna upasuaji, hakuna shuka, hakuna faili. Naomba waliomo humu wajitokeze: dobi, masjala, mitambo, maabara, getini, ambulansi, mochwari, taka. Mtueleze kazi yenyewe inakwendaje. Mambo ya mshahara na posho yana nyuzi zake, leo tuyaweke pembeni. Hospitali zisitajwe majina, na mgonjwa asielezwe kwa namna ya kutambulika.

Naanza mimi. Nipo chumba cha kutakasia vifaa, tunahudumia thieta, leba na wodi zote. Vifaa vinatufikia na damu yake. Kwetu vinalowekwa kwanza dakika 10 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5, halafu vinasuguliwa kwa brashi na sabuni vikiwa ndani ya maji ili yasikurukie usoni. Hapo ndipo penye kazi. Kila mkasi unafunguliwa, kila koleo linafunguliwa, unasugua kwenye bawaba na kwenye meno. Damu ikiganda pale, mvuke haufiki chini yake, na hata uchemshe mpaka jioni hicho kifaa bado ni kichafu. Kisha vinasuuzwa, vinakaushwa, vinakaguliwa, vinahesabiwa na kupangwa kwa seti: ya upasuaji wa uzazi, ya kuzalisha, ya kushona. Ndiyo maana daktari akimaliza kazi thieta, hesabu ya mikasi na koleo inapaswa kulingana na orodha tuliyoifunga sisi.

Ndipo viingie kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke wa mgandamizo: nyuzi joto 121, dakika 30 kwa furushi lililofungwa. Wengi wanadhani kuchemsha kwenye sufuria kunatosha. Maji ya kuchemka yanaishia nyuzi 100, na mbegu za bakteria wa pepopunda zinaweza kuvumilia joto hilo. Ule utepe tunaobandika juu ya furushi ukitoka na mistari myeusi, unatuambia kwamba furushi limepita kwenye mashine, basi. Kujua kama mvuke umeingia hadi katikati, tunaweka kipimo kingine ndani. Na furushi likitoka na unyevu linarudi kuanza upya, kwa sababu kitambaa chenye maji kinavuta vijidudu kutoka nje.

Usiku simu ikilia, kuna mama anahitaji upasuaji wa dharura na seti za akiba zimeisha, unatamani mashine iwe na haraka kama wewe. Haina. Ukipunguza dakika tano hakuna atakayejua usiku ule, ila mama yule atarudi baada ya siku kadhaa ana homa na mshono unatoa usaha. Kwa hiyo tunapambana seti zisiishe. Mwenye zamu ya mchana akiacha rafu tupu, amemwachia mwenzake wa usiku mzigo usiobebeka.

Karibuni.

Mama wa Dobi

Ahsante mkuu kwa uzi huu. Mimi nipo dobi.

Mashuka ya thieta hayachanganywi na ya wodini, na yenye damu yanaanza na maji baridi, maana ya moto yanaigandisha damu kwenye nyuzi na haitoki tena. Masika ndiyo mtihani wetu mkubwa. Mashine ya kukaushia ikigoma tunabaki na kamba, na mvua haisubiri.

Lakini kilichonifanya niandike ni sindano. Wauguzi mnaosoma hapa, nawaomba kwa heshima zote, kagueni shuka kabla ya kulitia kwenye mfuko. Mwenzangu alichomwa kidole na sindano iliyosahaulika ndani ya shuka la wodini. Alifanya kama tulivyofundishwa: aliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, akaripoti, akapimwa, akaanza dawa za kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI siku hiyo hiyo. Dawa hizo zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na zinamezwa siku 28. Alizimeza zote na kichefuchefu chake, huku nyumbani ana mtoto anayenyonya, na hofu ya kila usiku. Vipimo vya baadaye vilikuwa salama, Mungu ni mwema. Sindano ile ilitakiwa iingie kwenye sanduku la usalama lililokuwa hatua mbili kutoka kitandani.

Zamu ya Usiku

Pole sana dada. Chanjo ya homa ya ini mmepata?

Mama wa Dobi

Tumepata, dozi tatu. Tuliidai, maana mwanzoni orodha ilikuwa na wauguzi na watu wa maabara tu. Msafishaji na dobi nao wanaguswa na damu ile ile. Kama kwenu hamjachanjwa, mwoneni anayesimamia udhibiti wa maambukizi, msikae kimya.

Fundi Mitambo

Mimi ni fundi vifaa tiba, na kwa sasa nimekabidhiwa pia mtambo wa oksijeni.

Zamani tulikuwa tunaagiza mitungi mjini, gari linaondoka na mitupu linarudi na iliyojaa, na barabara ikikatika roho zinakuwa juu. Baada ya UVIKO-19 hospitali nyingi za mikoa zimefungiwa mitambo yao. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, iliyobaki karibu yote ni nitrojeni. Mtambo unaibana hewa hiyo, unaipitisha kwenye mitungi yenye punje za zeolaiti zinazoshika nitrojeni, na kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya asilimia 93 hivi. Inakwenda kwa mabomba hadi ukutani wodini.

Tatizo ni umeme. Ukikatika, mtambo unasimama, na ukirudi hauanzi kutoa oksijeni safi hapo hapo, inabidi usubiri kipimo kipande. Kwa hiyo mitungi ya akiba haikosi kujaa hata siku moja. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokiangalia nikipokea zamu, kabla ya chai, kabla ya salamu ndefu. Wodi ya watoto njiti haina dakika za kukusubiri ukatafute ufunguo wa stoo.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: mkono wenye mafuta au grisi usiguse koki ya mtungi wa oksijeni. Mafuta na oksijeni yenye mgandamizo vikikutana vinaweza kuwaka. Nimewahi kumzuia kijana wa kibarua aliyetaka kulainisha koki ngumu kwa oili, kwa nia njema kabisa.

Na vifaa vya msaada jamani. Mashine inaletwa, tunaishukuru, halafu ni ya volti 110, au haina kitabu, au kichujio chake hakipatikani nchini. Inakaa koridoni na plastiki yake. Anayetaka kusaidia hospitali amuulize fundi kwanza. Pengine tunachohitaji ni betri za mashine tulizonazo.

Kundi O

Maabara, upande wa damu. Nitasema machache.

Damu haiuzwi. Ukiombwa hela ya damu, ripoti. Chupa unayoiona imepimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Chembe nyekundu tunazihifadhi nyuzi 2 hadi 6, zinakaa wiki tano au sita kulingana na dawa iliyomo ndani ya mfuko. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinakaa siku 5 tu, tena nje ya friji, zikitikiswa muda wote.

Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa, friji linapungua siku hadi siku wakati akina mama wanaendelea kujifungua na bodaboda wanaendelea kugongwa. Mwezi wa kumi na mbili nalala na simu mkononi. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Msisubiri ndugu yenu augue.

Msajili wa Magharibi

Hamjambo wenzangu. Mimi nipo Kenya, hospitali ya rufaa ya kaunti, upande wa rekodi. Huku hospitali ziko chini ya kaunti tangu 2013, lakini naona shida zetu ni za mama mmoja.

Kazi yangu ni majina. Mtoto akizaliwa hana jina, anaandikwa mtoto wa fulani. Sasa usiku mmoja leba ina akina mama wawili wenye jina moja la kwanza na la pili pia, na wote wamejifungua wasichana. Nambari ya hospitali ndiyo inawatofautisha, na saa ya kuzaliwa. Kwa hivyo karani anapokuuliza mara tatu, "Mama, jina lako kamili ni nani?", usimkasirikie. Anamlinda mtoto wako.

Ile Oktoba 2024 tulipohama kutoka NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, kwenda SHA, mamlaka mpya ya bima hiyo, foleni ilikuwa hadi nje. Wazee hawana simu, alama za vidole zimefutika kwa kulima, mashine haizisomi. Tulikuwa tunawasajili mmoja mmoja kwa subira. Mwenzangu mmoja alikuwa akiwapakaa mafuta kidogo ya kujipaka vidoleni, anapangusa, anajaribu tena, na mara nyingi ilikubali.

Getini

Mlinzi hapa. Mnatutukana sana getini. Kwetu saa za kuona wagonjwa ni asubuhi saa 12 hadi 1, mchana saa 6 hadi 8, jioni saa 10 hadi 12. Katikati ya hapo madaktari wanapita vitandani na wauguzi wanafunga vidonda. Sikuzuii kwa kukuchukia. Ukiwa na chakula cha mgonjwa na umechelewa kwa sababu umetoka kijijini, niambie kwa utaratibu, nitamwita mhudumu akichukue. Tunafanya hivyo kila siku.

Mhudumu wa Mochwari

Nimesoma yote nikasita kuandika. Nimeandika.

Watu wakijua ninapofanya kazi, wengine hawanipi mkono. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alinirudishia kodi. Nimezoea hayo. Ila nataka mjue marehemu wenu anapokelewaje.

Mwili ukitoka wodini unakuja na lebo mbili, moja mkononi na moja mguuni, zenye jina, namba ya faili, wodi na saa ya kufariki. Nazilinganisha na karatasi mbele ya muuguzi aliyeuleta. Zikitofautiana hata herufi, sipokei mpaka aliyejaza aje arekebishe. Kisha kitabuni, kisha friji, nyuzi 2 hadi 4. Siku ya kuchukua, sikubali mtu mmoja anayesema "ndiye huyu" akiwa ameangalia upande. Natafuta ndugu wawili watatu, namfunua uso taratibu, nawapa muda. Uso wa mtu aliyefariki hubadilika, na macho yaliyojaa machozi hayaoni vizuri.

Familia za Kiislamu wanataka kuzika mapema, hawataki dawa wala kucheleweshwa, na karatasi zikiwa tayari nafanya kila niwezalo watoke kabla ya adhuhuri. Wanaosafirisha kwenda mbali, siku mbili za barabara, tunaweka fomalini, dawa ya kuhifadhi mwili. Nawaomba nguo mapema, na kama marehemu alikuwa na namna yake ya kufunga kilemba au kuchana nywele, waniambie. Mama mmoja aliniambia mumewe hakuwahi kufunga kifungo cha juu cha shati. Nilikiacha wazi.

Vichanga waliozaliwa wafu ndio wanaonipa uzito. Baba anakuja peke yake, amebeba khanga, mama bado yuko wodini na mshono. Wapo wanaotaka kumpokea mtoto haraka na kuondoka, na wapo wanaouliza kama wanaruhusiwa kumtazama. Wanaruhusiwa. Namvika, namfunika vizuri, namweka mikononi mwa baba yake kama mtoto yeyote anavyowekwa. Naomba hospitali zote zitenge chumba kidogo kwa ajili hiyo, hata chenye benchi moja. Kwetu wazazi hao wanasimama koridoni, na toroli zinapita.

Mtakasa Vifaa

Kaka, mkono wangu huu hapa, nakupa kwa maandishi. Hilo la chumba nitalipeleka kwenye kikao cha idara, na naomba wengine mlipeleke kwenu.

Dereva 115

Ambulansi. Mama mjamzito au aliyejifungua, au kichanga, akipata dharura, hapa Tanzania piga 115, ni bure. Wanaopokea wanaangalia gari lipi liko karibu, na ambulansi ikiwa mbali wanamtuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Msikae mnachangishana nauli mama anavuja damu. Na mkinisikia na king'ora nyuma yenu, sogeeni kushoto msimame. Wengi wanaongeza mwendo mbele yangu, hilo halinisaidii.

Mama Neema

Mimi si mfanyakazi, ni mzazi. Nilimuuguza mwanangu wodi ya watoto mwaka jana na nilikuwa sijui kwamba ile hewa ukutani ina mtu anayeikesha. Ahsanteni.

Nina swali kwa Fundi. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne, fizikia na hesabu anaziweza, anapenda kufungua redio. Hiyo fani ya vifaa tiba inasomewa wapi?

Fundi Mitambo

Mama Neema, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, wana stashahada ya vifaa tiba, na Chuo cha Ufundi Arusha nao wanaifundisha. Angalia sifa za kujiunga za mwaka huu kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na asiache kemia wala baiolojia nyuma. Likizo hii akipenda aombe kwa barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali iliyo karibu nanyi, aeleze anataka kuona karakana. Akija kwetu nitampokea. Ataanza kwa kusafisha vichujio vya konsentreta, zile mashine ndogo za oksijeni, kama nilivyoanza mimi.