Bombomu kwenye picha ya askari wa KAR: ni Bren au ZB 26?

Langoni_Amu
Asalaam aleikum. Twaandaa maelezo ya picha za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki) kwa maonyesho ya skuli hapa Lamu. Katika picha moja askari amelala nyuma ya bombomu ya miguu miwili, magazini (kisanduku cha risasi) iko juu na imepinda kama ndizi. Mmoja wetu asema ni Bren ya Uingereza, mwingine asema ni ZB 26 ya Chekoslovakia. Nani yuko sawa? Na mbona magazini iwe juu?

Fundi wa Shela
Waaleikum salaam. Bren imezaliwa na ZB 26 ya Václav Holek, mbunifu wa silaha wa Chekoslovakia. Jina lenyewe ni BR ya Brno, mji wa huko Chekoslovakia, na EN ya Enfield, kiwanda cha Kiingereza kilichoanza kuiunda 1937.

Magazini itakupa jibu. Risasi ya ZB 26, 7.92 mm ya Mauser, kitako chake hakina ukingo uliotokeza, basi risasi 20 hupangana sawa na magazini hunyooka. Risasi ya Kiingereza ya .303 (inchi) ina ukingo. Panga 30, upande wa vitako unanenepa kuliko wa ncha, safu inajipinda yenyewe.

Mkomani
Na ukingo huo ndio uliowasumbua askari. Wakati wa kujaza, ukingo wa kila risasi mpya sharti ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, risasi inayosukumwa hunasa kwa jirani yake na bunduki hukwama palepale. Wengi walitia 28 badala ya 30 ili springi isibanwe mno.

Magazini iko juu ili mpigaji alale chini kabisa, na mwenzake aliye ubavuni aibadilishe upesi. Maganda matupu hutokea chini. Lakini magazini huziba njia ya jicho, kwa hivyo vilengeo vimesogezwa kushoto. Mwenye mkono wa kushoto hana budi kutumia bega la kulia.

Fundi wa Shela
Usiamue kwa magazini peke yake, maana Vickers-Berthier, bombomu nyingine iliyotumiwa na jeshi la India, nayo ina iliyopinda. Tazama mtutu: wa ZB 26 una mapezi ya kupoza na bomba la gesi linafika karibu na mdomo. Wa Bren ni laini, na bomba limerudishwa nyuma. Kisha tafuta ngoma ndogo ya kilengeo upande wa kushoto. Hiyo ni Bren Mk I, yaani toleo la kwanza.

Langoni_Amu
Mtutu ni laini, na ngoma ipo. Ahsanteni sana, naandika Bren Mk I. Na kile kishikio cha mbao mtutuni?

Mkomani
Cha kubebea, na cha kubadilishia mtutu uliochemka. Msaidizi huinua wenzo wa nati inayofunga mtutu, husukuma kishikio mbele, mtutu ukachomoka bila mkono kugusa chuma. Kiandike kwenye maelezo, watoto watakiuliza.