Jina la ukoo «Nahodha»: je, linathibitisha kwamba sisi ni Waajemi?

Mjukuu wa Mkokotoni:
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Katika nyaraka zetu za nyumbani, kuanzia cheti cha kuzaliwa cha baba hadi vyetu sisi, jina la mwisho ni Nahodha, na wazee husema tu kwamba babu yake baba alikuwa mtu wa vyombo. Juzi arusini, binamu yangu aliyejifunza Kiajemi kidogo alidai kwamba jina hilo linathibitisha kuwa sisi ni Washirazi wa damu, kisha akaongeza kwamba «na» ni kikanushi na «khuda» ni Mungu, hivyo tumebeba jina la «asiye na Mungu». Bibi hajatulia tangu siku hiyo. Naomba wenye elimu mtufafanulie.

Kamusi Mkononi:
Waaleikum salaam. Mtulize bibi kwanza. Kipande cha mwanzo si kikanushi bali ni «nav», yaani chombo cha majini, ambacho sauti yake ya mwisho imedondoka. «Khuda» nalo, ingawa leo kwa Kiajemi humaanisha Mwenyezi Mungu, zamani lilimaanisha bwana au mwenye kitu, na maana hiyo imebaki katika «kadkhuda», bwana wa nyumba, neno ambalo baadaye likawa cheo cha mkuu wa kijiji. Kwa hiyo nakhuda, neno lililozaa «nahodha» letu, ni mwenye chombo. Binamu yako si wa kwanza kuyaweka maneno hayo mawili pamoja, kwani washairi wa Kiurdu hupenda kumlinganisha nakhuda na Khuda wakiuliza ni nani wa kutegemewa bahari inapochafuka. Lakini huo ni mchezo wa sauti, si asili ya neno.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba nakhuda wa kale mara nyingi hakuwa mshika usukani hata kidogo. Alikuwa tajiri mwenye jahazi, au wakili wa tajiri huyo, na kazi ya kuijua njia aliachiwa mtu mwingine. Huko Veraval, Gujarat, nchini India, kuna maandishi ya mwaka 1264, kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu, yanayoeleza jinsi nakhuda Nuruddin Firuz wa Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, alivyojenga msikiti karibu na Somnath. Calicut, pia India, nako msikiti wa nakhuda Mithqal, mwenye vyombo aliyetajwa na msafiri wa Morocco Ibn Battuta, umesimama hadi leo, ijapokuwa Wareno waliuchoma moto mwaka 1510. Hao ni watu wa mali, wala si wa kamba na tanga.

Mpwani Mstaafu:
Naafiki asili ya neno, ila suala la damu lisipite hivi hivi. Neno husafiri bila kuoa. «Bandari» na «serahangi», yaani msimamizi wa mabaharia, nayo yanatoka Uajemi, na hakuna anayedai kwamba kila serahangi wa pwani yetu ana nasaba ya Shiraz. Nakhuda limetumiwa na Waarabu wa Ghuba, Wagujarati na Wamalay, kila mmoja kwa matamshi yake, kwa sababu wote walifuata pepo zile zile za kaskazi na kusi na kukutana katika masoko yale yale.

Zaidi ya hayo, desturi yetu ya majina ni jina la mtu, la baba na la babu, kwa hiyo jina la tatu linaweza kuwa lakabu ya mzee mmoja tu, iliyoganda pale karani alipodai jina la ukoo. Cheo kugeuka jina si jambo geni: waandishi wa Kireno walimwita rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 «Malemo Cana», na hilo «Malemo» si jina bali ni «muallim», cheo cha mjuzi wa njia za bahari, ndugu wa neno letu «mwalimu».

Juu ya utajiri, nakhuda wa karne iliyopita hakuwa lazima tajiri. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait chini ya Ali bin Nasir al-Najdi, hadi Zanzibar na kwenye mikoko ya Rufiji walikopakia boriti; nahodha huyo aliongoza safari na pia ndiye aliyesimamia biashara, na mabaharia walilipwa kwa mafungu ya faida. Kwa Kiswahili maana imeegemea zaidi uongozi: methali yetu isemayo «nahodha wengi, chombo huenda mrama» inawasema wanaoelekeza chombo, si wanaokimiliki.

Ushauri wangu ni kutafuta kizazi ambacho jina lilianzia. Hati za mashamba na za ndoa za wazee zitakuonyesha kama mzee huyo aliitwa Nahodha baada ya jina lake au badala yake.

Mjukuu wa Mkokotoni:
Nawashukuru sana. Nimemsomea bibi majibu yote mawili. Anasema mumewe alikuwa akimtaja baba yake kwa jina jingine kabisa, na kwamba «Nahodha» waliitwa na watu wa mjini, hivyo nitaanza na hati ya shamba. Sasa swali lake limebadilika: kama nakhuda ni mwenye chombo, anataka kujua chombo chenyewe kilirithiwa na nani.