Mrejesho: Leseni ya nyumbani baada ya kuhamia nchi nyingine

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama naweza kuendelea kuendesha kwa leseni ya nyumbani na kibali cha kimataifa, ilhali nimeshahamia huku moja kwa moja.

Jibu ni hapana. Kibali ni tafsiri tu. Bila leseni yenyewe hakina kazi. Tena Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaziruhusu nchi kutoitambua leseni ya mgeni akishakuwa mkazi. Mimi nilidhani nikisafiri na kurudi, siku za kuruhusiwa kutumia leseni ya nyumbani zinaanza upya. Wapi! Huku zinahesabiwa tangu nilipopata ukaazi. Bima nayo ingegoma kulipa, bora niliwapigia kabla sijagonga.

Leseni yangu haimo kwenye orodha ya zinazobadilishwa, ikabidi mtihani. Miaka kumi barabarani, nikafeli! Usukani huku uko upande wa pili, basi kila nikitaka kukata kona nawasha waipa badala ya indiketa. Kioo kikavu, inakwaruza kwarakwara, mtahini kanyamaza tu anaandika.

Mara ya pili nikapita. Aliyenishauri nichukue kwanza masomo mawili ya udereva, samahani kwa ubishi wangu.